Njia ya Ng'ombe pale Uyole

Vijana mnaojifunza mitambo, mkifika hapa kwangu Ipogolo swali lenu huwa ni lile lile: mzee, siri ya greda ni nini? Mnataka niwaambie habari za gia na haidroliki. Hizo mtafundishwa chuoni. Mimi nawaambia siri ya greda ni makalio. Ukikaa kwenye kiti, mwili ndio unaokwambia kama bledi, lile panga la chini linalochonga udongo, imekula sana kushoto au kama kuna jiwe linakuja mbele. Macho yanachelewa na masikio yanadanganywa na injini, lakini makalio hayana unafiki.

Hilo nilifundishwa na Mzee Salimu, dereva wa greda wa zamani hapa Iringa. Babu yake alipanda huku kutoka pwani na marobota ya nguo, akafungua duka, na mjukuu akaona duka linamchosha, akakimbilia mitambo. Siku ya kwanza nilikuja na mto wa kukalia, maana kiti kilikuwa chuma kitupu. Aliuchukua akautupia korongoni. "Umekuja kulala au kufanya kazi?" Nililia kimoyomoyo wiki nzima, na jioni nilikula ugali nikiwa nimesimama, lakini nilijifunza.

Alinifundisha pia kupima kifusi kwa ngumi. Unakinyunyizia maji, unachota, unafumbata. Ukifungua kiganja kikamwagika, ni kikavu, rola litakishindilia leo na kesho upepo utakibeba. Kikikuachia tope mkononi, umezidisha maji. Kikibaki donge na kiganja kikawa safi, mwite dereva wa boza la maji umwambie yametosha. Siku hizi wana vipimo vya maabara, na ni vizuri kuliko ngumi yangu, sibishani. Lakini maabara ikiwa mbali na mawingu yamekaribia, ngumi unayo.

La tatu aliniambia hivi: ukikuta watu wamekaa barabarani wamekuzuia, usipige honi. Zima injini, shuka, omba maji ya kunywa. Mtu aliyekupa maji hawezi tena kukurushia jiwe. Nimelitumia Kilolo, nimelitumia Makambako, halijaniangusha.

Lilikuja kuniangusha Uyole. Nimestaafu na kazi ile bado inanizunguka kichwani, sijui hata leo kama tulijenga au tulibomoa. Na nisiwazungushe: mambo yote yalimhusu mama mmoja muuza ndizi aitwaye Bupe, na kama barabara ikiisha ataweza bado kufika sokoni. Mimi sikulijua hilo mapema. Ninyi lijueni sasa, msije mkapotea kama nilivyopotea mimi.

Ilikuwa barabara ya njia nne ya kupita pembeni mwa jiji la Mbeya, magari yaende kasi bila kusimama, na ukuta wa zege katikati. Mkandarasi wa kwanza aliijenga akafika karibu na Uyole, akafungasha, akaondoka. Sababu zilisemwa nyingi, kila mtu na yake. Lami ikaishia kwenye lundo la kifusi, na baada ya lundo ni migomba.

Basi watu hawakuacha lami ikae bure. Waliianikia mahindi na maharage. Vijana walijifunzia pikipiki. Nilipofika mara ya kwanza na kampuni mpya, tulikuta harusi. Maturubai yamefungwa katikati ya njia nne, spika kubwa, bibi harusi kakaa pale ambapo kwenye ramani palitakiwa kuwa na kibao cha mwendo kasi. Tukazima mitambo. Tukapewa ndizi na nyama, tukala. Nikajisemea hawa watu ni wakarimu, kazi hii itakuwa nyepesi.

Kesho yake tukakuta mawe yamepangwa barabarani kutoka ukingo hadi ukingo.

Nyuma ya mawe alikaa Mzee Ambakisye kwenye kigoda, kofia ya pama kichwani, fimbo magotini. Alikuwa Mnyakyusa aliyehamia Uyole zamani akitokea upande wa Tukuyu, na mtaa mzima ulimsikiliza. Nikakumbuka la Mzee Salimu. Nikashuka, nikaamkia, nikaomba maji.

"Karibu, Kamwene," akasema. Hiyo ndiyo salamu yetu Wahehe, na Mbeya yote waliigeuza kuwa jina langu. "Leteni maji. Na ndizi. Huyu ametoka kwa wala mbwa, lazima ana njaa."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, sisi Wahehe tumezoea kutaniwa kwamba tunakula mbwa. Kule Uyole watoto wakisikia greda langu walikimbia kuwafungia mbwa ndani, mmoja alimbeba wa kwake mgongoni kama mtoto mchanga. Nikanywa maji, nikala ndizi, nikashukuru kwa Kinyakyusa kibovu, "ndaga fijo", wakacheka zaidi. Kisha nikauliza kwa adabu kama mawe yanaweza kuondolewa.

"Hapana," akasema mzee, bado anatabasamu.

Injinia wetu alikuwa binti kijana, Injinia Rehema, mkali kwenye kazi na mwepesi wa kicheko. Aliitisha mkutano na wakazi wa mtaa. Mzee Ambakisye akasimama, akasema tatizo ni vumbi. Udongo wa kule kweli ni mwepesi, wa volkano, ukiukanyaga unapaa. Injinia akaagiza boza la pili, tukamwaga maji asubuhi na mchana mpaka pakawa tope. Kesho yake mawe yapo. Tatizo sasa ni kelele. Tukapunguza masaa. Mawe yapo. Sasa ni mfereji, maji ya mvua yataingia kwenye migomba. Injinia akageuza mfereji. Mawe yapo. Mwisho mzee akasema, "Barabara ikae tu ilivyo, imetutosha."

"Lakini mzee," Injinia akasema, "nimeambiwa mkandarasi wa kwanza alipokuja ni wewe uliyetoa shamba lako la mbele kwa hiari. Ulisema mnataka maendeleo."

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Na sasa nasema ikae."

Akaketi. Wazee wengine wakatikisa vichwa kukubali. Akina mama waliokaa nyuma kabisa, wamewapa wazee visogo, hawakusema neno. Mmoja wao alikuwa Bupe, lakini siku ile kwangu alikuwa kanga moja kati ya kanga nyingi. Nikatoka pale kichwa kinauma. Nimeshawahi kupingwa na watu wenye hasira, hao nawaelewa. Hawa walitupinga wakiwa wametushibisha.

Vijana, hapa nawapa jambo la kazi: dereva wa greda amekaa juu kuliko wote. Anaona mambo ambayo injinia kwenye gari lake haoni. Tatizo ni kwamba anayaona bila kuyaelewa, na hicho ndicho kilinitokea.

Tuliruhusiwa kuendelea na sehemu ya pembeni isiyogusa mawe. Asubuhi moja nachonga bega la barabara, nikaona mama anakuja na beseni la ndizi kichwani, anatembea vizuri. Ghafla akasimama. Akatazama mbele. Halafu, beseni na yote, akajitupa kwenye mtaro, mbele kidogo tu ya bledi yangu!

Nilibana breki mpaka greda likapiga magoti. Nikaruka chini naita, "Mama! Mama umeumia?" Ndizi zimetawanyika, yeye amejikunyata mtaroni, kanga ameivuta mpaka usoni. Akanionyesha kidole mdomoni, ninyamaze. Nikageuka. Ng'ambo ya barabara alikuwa anapita Mzee Ambakisye na fimbo yake, anakohoa kwa nguvu, kikohozi cha makusudi kabisa, na uso ameugeuzia milimani. Alikuwa hatazami njia hata kidogo. Alipita hivyo mpaka akapotea kwenye migomba.

Nikadhani wamegombana. Nikamwuliza yule mama, taratibu, "Amekufanya nini yule mzee?"

"Hajanifanya kitu. Ni mkwe wangu." Akaanza kuokota ndizi. "Mimi Bupe, nimeolewa na mtoto wake wa pili. Kwetu mkwe mwanaume hatumtazami, wala hatukanyagi njia anayopita yeye kwa wakati huo. Hata jina lake siliwezi kutamka. Kwani kwenu hamna?"

"Kwetu mke wangu alikuwa anampakulia baba yangu ugali na kumgombeza akichelewa."

Bupe akacheka hadi akakaa chini tena. "Jamani! Kamwene, mna dhambi!"

"Na siku hizi bado mnafanya? Na simu mnazo?"

"Wengi wameacha. Nyumba yetu haijaacha." Akasema kama mtu anayekwambia nyumba yao ina bati. Hakuwa analalamika.

Nikamsaidia kubeba beseni. Halafu akaniuliza yeye sasa: "Eti baba, ni kweli hii barabara ikiisha, watu wote watapita kwenye tundu moja tu chini yake?"

Nikamwambia ni kweli. Kivuko kimoja cha zege, kirefu, cha kupita chini. Juu hapatapitika, kuna ukuta na magari ya kasi.

"Basi mimi soko ndiyo basi," akasema. "Hapa pa wazi namwona toka mbali, nakimbilia kwenye majani. Kwenye tundu nitakimbilia wapi? Yeye kila siku anavuka kwenda kukaa na wenzake pale kwenye mashine ya kusaga, na mimi kila siku navuka na ndizi. Tutakutana katikati uso kwa uso, gizani. Mume wangu yuko Chunya kwenye dhahabu, anarudi Krismasi. Watoto wanakula hizi ndizi. Nisipovuka watakula nini?"

"Kwa nini hukusema kwenye mkutano?"

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo. "Niseme mbele ya watu kwamba namwogopa nani? Nimtaje?"

Nilipanda greda nikakaa bila kuliwasha. Mambo mengine yakaanza kujipanga, mengine yakavurugika zaidi. Ina maana mzee naye alikuwa anajua? Vumbi, kelele, mfereji, vyote vilikuwa vya kufunikia? Alitoa shamba lake barabara ijengwe, na sasa anapanga mawe isijengwe, ili mkamwana ambaye hajawahi kumtazama aendelee kuuza ndizi? Na yeye naye asingeweza kusimama hadharani na kumzungumzia mkamwana, ingekuwa aibu kubwa kuliko kukutana naye. Na Bupe, nilipomwuliza baadaye, aliniambia alidhani mkwewe anapinga barabara kwa ukaidi wa uzee tu. Walikuwa upande mmoja wa ugomvi na hakuna aliyemwambia mwenzake. Mimi mgeni, mla mbwa, ndiye niliyekuwa najua pande zote mbili. Hiyo hali sikuipenda hata kidogo.

Nikamweleza Injinia Rehema. Kwanza alicheka. Halafu akaacha kucheka, akakaa kwenye ngazi ya greda.

"Sasa nikaandike nini makao makuu? Kwamba tunahitaji kivuko cha pili kwa ajili ya wakwe?"

"Sijui, Injinia."

"Na tukijenga, si tutakuwa tumeimwagia zege mila ambayo wenyewe wanasema wengi wameiacha? Mabinti wa watoto wao watapita wapi?"

"Sijui pia."

"Na tusipojenga, yule mama hafiki sokoni." Akashika kichwa. "Mzee, wewe unajua nini leo?"

"Najua kwamba kuna kalavati la zamani kule bondeni," nikasema. "Mkandarasi wa kwanza alilijenga la maji, mkondo ukahama. Limezibwa na majani na udongo. Mtambo wa kijiko ukilizibua, mtu anapita bila kuinama."

Tukaenda kulitazama. Lilikuwa pana, kavu, mbali kidogo na kivuko cha kwanza, na njia yake ilikuwa inatokea nyuma ya soko. Injinia alipima, akapiga simu, akabishana na watu wa makao makuu mpaka salio likaisha. Mwishowe wakamkubalia kwa sharti liwe na jina linaloeleweka. Akaliita kivuko cha mifugo.

Ikabaki kumwambia mzee, na mimi ndiye niliyetumwa. Nilikwenda bila greda. Nilimkuta nyumbani kwake anachonga mpini wa jembe. Nikakaribishwa, nikanywa maji, tukaongea mvua, tukaongea bei ya viazi, tukaongea mbwa. Nitasemaje bila kumtaja asiyetajika?

"Mzee," nikasema, "zitakuwa njia mbili za chini."

Akaendelea kuchonga. "Mbili?"

"Moja hii ya karibu. Nyingine kule bondeni, inatokea nyuma ya soko."

"Hiyo ya pili ya nani?"

"Ya ng'ombe."

Kisu kikasimama. "Kamwene, huu mtaa hauna ng'ombe. Aliyekuwa nao alihama."

"Ndiyo, mzee. Tunajua."

Alinitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu, mpaka leo sijui alikuwa ananishukuru au ananikasirikia kwa kujua kisichonihusu. Halafu akapuliza vumbi la mpini.

"Basi ng'ombe wapite," akasema.

Kesho yake mawe hayakuwepo.

Nilikichonga kipande cha mwisho kwa mikono yangu, nikakiwekea mgongo mzuri, maji yateremke pande zote mbili. Ile njia ya kwenda kalavatini niliichonga pia, nikapima kifusi kwa ngumi, nikashuka kuipitia kwa miguu nihakikishe mtu mwenye beseni kichwani hatateleza. Siku ya kufungua watu walikuja wamevaa nguo za sikukuu. Wale wale waliokaa na mawe walicheza ngoma. Baada ya wiki wakaanza kulalamika kwamba hawana pa kuanika mahindi. Nikasema, haya.

Njia ya ng'ombe ikapata watu wake. Akina mama wa nyumba zinazoshika mila walipita huko, wanaongea na kucheka, ni kama walipata sebule. Mabinti wa shule walipita kivuko cha kwanza na kuwazomea, "Moo! Moo!" Mkamwana mmoja wa mjini aliniambia kwa hasira kwamba tumewajengea wanawake tundu la mifugo na tunajiona tumefanya jambo. Alikuwa anasema kweli. Na Bupe aliyepita na ndizi zake kila asubuhi bila kujitupa mtaroni naye alikuwa kweli. Nilitamani mmoja wao awe mwongo ili nilale vizuri.

Nikastaafu, nikarudi hapa Ipogolo, malori yanapita mchana kutwa na mimi nayasikiliza nikijua lipi lina springi mbovu.

Mwaka jana Injinia Rehema alinipigia simu: Mzee Ambakisye amefariki. Nikapanda basi asubuhi nikaenda. Msiba ulikuwa mkubwa, kama wanavyojua wao kuzika, watu wamejaa hadi barabarani, na picha yake kubwa imewekwa kwenye meza ya kitambaa cheupe, kofia ya pama na kila kitu. Wakati wa kuaga, wakamwana walipita mbele ya jeneza wameinama, kanga zimefunika nyuso. Bupe alipita hivyo hivyo. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwenda.

Baada ya mazishi nilikuwa nimekaa pembeni ya migomba. Akaja kuniletea chakula, akapiga goti, akaweka sahani. Hakuondoka.

"Baba Kamwene. Ulikuwa unakaa juu kule kwenye greda, unamwona kila siku."

"Nilikuwa namwona."

"Hivi baba alikuwa anafananaje?"

Kwa kushangaa nikasema neno la kijinga: "Picha si ile pale mezani?"

"Najua ipo," akasema. Hakugeuka kuitazama. "Nimempikia tangu nimeolewa. Namjua kikohozi. Najua fimbo yake inavyogonga, najua viatu vyake, nilikuwa navipaka rangi. Ninauliza uso."

Vijana, nimechonga barabara maisha yangu yote, naweza kuwaambia mteremko kwa makalio, lakini uso wa mtu sikujua unaanzia wapi. Nikaanza, paji pana. Nikaacha. Macho, nikasema, macho yake yalikuwa, na neno likakataa kuja. Kila nilichosema kilikuwa cha mzee yeyote. Nikatafuta huku na huku kwenye ule umati kama mtu aliyeangusha funguo, na hapo nikamwona mtoto mkubwa wa Bupe, kijana mrefu, anapanga viti na kumfokea mwenzake aliyeangusha kimoja.

"Yule," nikasema. "Hapo alipokunja uso. Ni yeye mzima mzima."

Bupe akasimama. Akamwita kijana kwa jina, kijana akaja anajifuta jasho, bado amekunja uso.

"Simama hapa," akamwambia.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Simama tu."

Akateremsha kanga mabegani, akainua kichwa, akamtazama.